Hospitali ipo Moshi, bibi yupo Rombo, shida iko katikati hapo

Bibi yangu mzaa mama alikaa kama miaka mitatu haoni vizuri, na kutoka kwake kule Rombo mpaka Moshi mjini lami ipo, magari yapo toka alfajiri, ukiwahi la kwanza saa tatu asubuhi ushafika na chai umekunywa. Na Moshi ndo kuna KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971, idara yake ya macho inafundisha madaktari bingwa na wagonjwa wanatoka mikoa ya mbali kuja kutibiwa pale. Sasa swali lililonikaa kichwani muda mrefu ni hili, mtu anaanzaje kupofuka karibu hivyo na hospitali ya macho? Maana ukisikia watu wanaongelea huduma za macho nchi zetu hizi maneno ni yale yale, madaktari wachache, vifaa hakuna, hela hakuna, na yote ni kweli lakini kwa bibi daktari alikuwepo, kifaa kilikuwepo, na hela kwenye ule ukoo ya kufanya hiyo kazi ilikuwepo, tumechanga harusi kubwa kuliko hiyo.

Kabla sijaeleza ilikuwaje ngoja kwanza nitenganishe vitu maana sisi tunasema tu "macho yananisumbua" kama vile ni ugonjwa mmoja, mwingine anatumiwa dawa ya matone ya jirani, mwingine anaambiwa kala chumvi nyingi. Kumbe kuna kinachorekebishwa na miwani ya kununua mjini, kuna kinachohitaji upasuaji wa mara moja na kuona kunarudi, kuna kinachoiba macho kimya kimya na kilichoibiwa hakirudi tena, na kuna kinachotokana na kukosa maji na choo. Kila kimoja kinamzuia mtu kwa namna yake, ndo maana ukisikia mradi wa macho swali la kwanza uliza ni macho gani.

Alichokuwa nacho bibi ni mtoto wa jicho. Jina lenyewe linachanganya, watu wanadhani kuna kitu kimeota juu ya jicho kinakwanguliwa. Hapana. Ndani ya jicho nyuma ya ile mboni kuna lenzi, ni angavu kama maji, inasaidia kukusanya mwanga uangukie sehemu yake kule nyuma. Umri ukienda ile lenzi inaanza kuwa na ukungu pole pole, kama kuangalia nje kupitia nailoni, mwanzoni nailoni mpya, baadaye ile iliyofungiwa maandazi. Dawa ya matone ya kuiondoa haipo, asikudanganye mtu, wala karoti haisaidii hapo. Kinachofanyika ni ganzi, tundu dogo, lenzi yenye ukungu inatolewa na ya plastiki inawekwa, kwa daktari mzoefu ni kama dakika kumi mpaka ishirini. Hiyo ya plastiki ilianzia London mwaka 1949, daktari anaitwa Harold Ridley alikuwa ameona marubani wa vita waliopigwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, vipande vimebaki ndani na jicho halijakasirika, ndo akapata wazo. Miaka na miaka ilibaki kitu cha matajiri, lenzi moja ilikuwa inauzwa dola mia na zaidi, mpaka Wahindi wa hospitali za macho za Aravind kule Madurai walipoanzisha kiwanda chao cha Aurolab mwaka 1992 wakaishusha mpaka chini ya dola 10. Kwahiyo ukisikia mtu anasema watu wetu wanapofuka sababu lenzi ni ghali jua taarifa zake ni za zamani sana.

Na kuna hili la "subiri liive". Bibi aliambiwa hivyo na mtu anayemheshimu, kwamba mtoto wa jicho hatolewi akiwa mchanga, asubiri mpaka asione kabisa. Zamani kwa upasuaji wa wakati ule kweli walikuwa wanasubirisha watu. Siku hizi kinachoangaliwa ni kama kutoona kunakuzuia kazi zako, na likikaa sana linakuwa gumu na kazi ya daktari inaongezeka. Huo ushauri umebaki vijijini kama noti ya zamani, haitumiki dukani ila mtu bado kaiweka chini ya godoro.

Sasa tuje kwenyewe.

Bibi hakusema. Hilo ndo la kwanza na kwa maoni yangu ndo kubwa kuliko yote. Aliacha kwenda ibada ya kwanza akasema ni baridi, kumbe kiza cha alfajiri kilikuwa kinamsumbua kwenye ule mteremko wa kihambani, shambani kwake. Aliacha kuchambua maharage akasema mgongo. Sisi tukasema bibi kazeeka, maskini, mwacheni apumzike, na tukawa tunamsifia kwa kupumzika. Aliyegundua ni mtoto wa dada yangu wa miaka minane, alikuja jikoni anacheka anasema bibi kamkaribisha mbuzi akae. Tukacheka wote, bibi naye akacheka. Ilipita karibu mwaka mzima toka siku ya huyo mbuzi mpaka siku ya upasuaji.

Huo mwaka ulienda wapi? Nikueleze maana mtu wa ofisini anayepanga bajeti ya macho hauoni. Kwanza bibi mwenyewe alisema sina shida, mi mtu mzima naenda wapi, mniache. Ukimsikiliza juu juu utasema hataki matibabu. Kumbe anasubiri watoto wake ndo waseme, yeye kusema "nipelekeni" ni kama kuomba, na mama aliyelea watoto sita hataki kuomba. Pili, mwenye neno la mwisho ni mjomba mkubwa na mjomba mkubwa yuko Dar, na kwenye simu bibi akimwambia mjomba "mzima tu mwanangu" mjomba atajuaje. Tatu likaja la nani ataongozana naye. Hapa watu wanapiga hesabu ya upasuaji peke yake, wewe piga hesabu nzima, bibi hawezi kwenda peke yake kwahiyo ni watu wawili, kwenda na kurudi, safari ya kwanza ya kupimwa, ya pili ya kufanyiwa, ya tatu ya kuangaliwa, hizo ni nauli kumi na mbili bila bodaboda ya kushuka mpaka barabarani. Na yule anayemsindikiza ana kibanda chake cha nyanya ambacho siku hizo kinafungwa. Na ng'ombe wa bibi nani atamkatia majani.

Nilidhani ni ukoo wetu tu una mambo mengi. Baadaye nikaja kujua kwamba Moshi hapa hapa kulianzishwa kituo mwaka 2001, kinaitwa KCCO, kazi yake ilikuwa kuchunguza haya mambo, yaani huduma ipo na watu hawaji, kwanini. Na walipoenda kukaa na familia za mkoa wa Kilimanjaro wakakuta habari kama yangu, kwamba kwenda kufanyiwa upasuaji ni uamuzi wa familia, mzee anasubiri watoto waone kwamba ana shida na watoto wanasubiri mzee alalamike. Wote wanasubiriana. Hapo hata ukitangaza bure haitoshi, ingawa bure inasaidia, sikatai.

Walichofanya kwenye programu yao ya mkoa huu mi naona ni akili sana na ni rahisi mpaka inashangaza. Badala ya timu kutembea popote siku yoyote, walikuwa wanachagua vituo fulani vya afya wilayani, ratiba inajulikana, watu wanatangaziwa mapema, anayekutwa na mtoto wa jicho anakaa na mtu wa kumweleza mambo yote taratibu, yeye na ndugu yake, halafu gari linawachukua siku hiyo hiyo mpaka hospitali na linawarudisha. Siku hiyo hiyo, hapo ndo siri ilipo. Maana ukimpa bibi karatasi ukamwambia njoo wiki ijayo Moshi, hiyo karatasi inaenda kukaa kwenye Biblia mpaka ichanike. Idadi ya wanaofanyiwa upasuaji ikapanda.

Kitu kingine ambacho hakisemwi ipasavyo ni wanawake. Duniani watu wenye matatizo ya kuona zaidi ya nusu ni wanawake, kama asilimia 55, na sio sababu macho yao ni dhaifu tu au wanaishi miaka mingi zaidi, ni sababu akiugua babu gari linatafutwa. Samahani kwa wazee wangu mtakaosoma hii ila ndo hivyo, babu ana kahawa yake imeandikwa jina lake kwenye chama cha ushirika, bibi ana migomba ambayo hela yake inaisha kwenye chumvi na kiberiti. Asiye na hela yake mwenyewe anaomba, na nimeshasema bibi haombi.

Upande wa wataalamu napo kuna hesabu. Mpango wa dunia wa VISION 2020, ulioanzishwa 1999, kwa nchi zetu za Afrika ulilenga walau daktari bingwa mmoja wa macho kwa watu laki mbili na nusu. Sensa ya 2022 inasema Kilimanjaro kuna watu zaidi ya milioni 1.8 na Arusha zaidi ya milioni 2.3, kwahiyo kwa kipimo hicho Kilimanjaro saba na Arusha tisa. Lakini kuhesabu madaktari ni kama kuhesabu madereva bila kuuliza magari. Daktari mmoja akiwa na meza moja, nesi mmoja anayegawanywa na wodi nyingine, na dawa za ganzi zinazoisha katikati ya mwezi, atafanya watu wachache kwa wiki hata awe fundi namna gani. Wale wa Aravind walianza na vitanda 11 mwaka 1976, na ujanja wao ni kwamba daktari anafanya kazi ya daktari tu. Mgonjwa ameshapimwa, ameshasafishwa, ameshapigwa ganzi na watu wengine waliofundishwa hiyo kazi, daktari akimaliza huyu anageukia meza ya pili. Na anayelipa anachangia asiyeweza kulipa, madaktari ni wale wale, tofauti ni mambo kama chumba cha kulala. Hapa kwetu tukipata mfadhili tunaomba mashine. Mashine inakuja, inapigwa picha na mheshimiwa, inakufa taa ndani ya mwaka na taa yake haiuzwi soko la Kilombero wala la Mbuyuni.

Haya, miwani. Hii inadharauliwa mno. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2019 lilisema watu walau bilioni 2.2 wana tatizo la kuona na kati yao walau bilioni moja tatizo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa, na humo sehemu kubwa sana ni watu wanaohitaji tu miwani, hasa hii ya kusomea ambayo kila mtu akigonga arobaini na kitu inamhusu, lenzi ya jicho inakakamaa haijikunji tena kwa kitu cha karibu. Nenda sokoni Kiboriloni uangalie akina mama wanavyosoma meseji ya muamala, mkono umenyooka mpaka mwisho halafu anamwita kijana "hebu nisomee hapa imeandikwa ngapi". Huyo kijana akiwa mwaminifu sawa. Fundi cherehani anaanza kuchelewesha nguo za watu, ukimuuliza umeme, kumbe hawezi kutunga uzi. Kule Bangladesh walifanya jaribio wakawapa miwani ya kusomea watu wa kazi za mikono wa miaka 35 mpaka 65, wengine wakasubirishwa, baada ya miezi nane waliopewa mapema kipato chao kilikuwa kimezidi cha wenzao kwa karibu theluthi moja. Kwa miwani ya bei ya sahani mbili za ndizi nyama. Sijui mkopo gani wa kina mama unaoweza hivyo na usidai marejesho.

Kwa watoto ni tofauti kidogo, mtoto hajui kwamba haoni, anadhani ubao ndo ulivyo kwa kila mtu, mwalimu anasema mzito. Kenya pale Kitale walijaribu walimu wapime watoto kwa programu ya simu, Peek, na mzazi atumiwe meseji, waliofika kliniki wakawa asilimia 54 wakati kwa njia ya kawaida ya karatasi ni 22. Unaona tena, ni ile ile habari ya katikati. Na ukiona mtoto mchanga ana weupe kwenye mboni usisubiri hata wiki, inaweza kuwa mtoto wa jicho au kansa, na kwa mtoto hata kama ni mtoto wa jicho tu ubongo unajifunza kuona miaka ile ya mwanzo, ukichelewa jicho linatengenezwa ila ubongo umeshazoea kutolitumia.

Sasa presha ya macho, glakoma. Hii ndo inayonitisha mi binafsi. Haiumi, haina wekundu, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu kuanzia pembeni, mtu anagonga gonga milango anasema nilikuwa na mawazo. Akija kushtuka kilichobaki ni kama anachungulia kwenye tundu la funguo, na kilichokwenda hakirudi, hakuna upasuaji wa kukirudisha. Kambi ya siku mbili ya macho haimsaidii sana huyu, anahitaji matone kila siku maisha yake yote, na nani hapa anaweza kununua dawa kila mwezi kwa ugonjwa usiouma? Dawa inaisha, msimu wa ada unaingia, anasema nitanunua mwezi ujao. Ndo maana utafiti uliofanyika hapo KCMC na kutoka 2021 ulinifurahisha kuliko habari nyingi za afya, walilinganisha matone ya timolol na mwanga wa leza unaopigwa kwenye jicho, baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho na matone asilimia 31. Leza haimtegemei mtu akumbuke wala awe na hela kila mwezi. Mashine ni ya gharama ndiyo, lakini inahudumia wengi. Hapa sasa mfadhili akitaka kuleta mashine tunamwambia karibu, aje na fundi na spea.

Ukitoka Arusha ukaelekea Longido, Monduli, Ngorongoro, unakuta kingine, trakoma, wengi wanaita vikope. Ni bakteria, inapita kwa vidole, kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto wote, na kwa nzi. Mtoto anaugua mara nyingi, upande wa ndani wa kope unapata makovu, miaka ikipita kope zinageukia ndani zinakwangua jicho kila akipepesa. Fikiria kila ukipepesa. Kina mama wa Kimasai wanatembea na koleo dogo la kung'olea kope, linaning'inia na shanga, mtalii anadhani ni urembo. Wanawake wanaugua zaidi sababu wao ndo wapo na watoto. Dawa ya zithromax inagawiwa bure, Pfizer wanaitoa toka mwisho wa miaka ya 90, na wenye kope zilizogeuka wanafanyiwa upasuaji mdogo, lakini yule nzi anazaliana kwenye kinyesi cha watu kilichoachwa wazi na uso hauoshwi kama ndoo ya maji ni kilomita kadhaa. Ghana walitangazwa kuimaliza kama tatizo la afya ya jamii 2018, Malawi 2022, kwahiyo inawezekana, ila kwa wilaya za wafugaji daktari wa macho wa kwanza ni mchimba kisima.

Turudi kwenye zile kambi za macho maana najua watu wanazipenda na mi sizichukii. Tatizo langu ni lile bango, "watu 1,000 wapimwa macho". Kupimwa sio kuona. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya zilikubaliana kipimo kipya, kwa mtoto wa jicho wanahesabu waliofanyiwa upasuaji na wakaona vizuri, katika wote waliokuwa wanahitaji, na lengo ni hicho kiwango kipande pointi 30 mpaka 2030, yaani nchi ikiwa kwenye 20 ifike 50. Kwa hesabu hiyo yule aliyefanyiwa na hakurudi kuangaliwa, akabaki na ukungu sababu hakupewa miwani, hahesabiki. Na ni haki, sababu kijijini mtu mmoja aliyefanyiwa vibaya anafunga mlango kwa ishirini wengine, wanasema unaona, fulani alienda akarudi vile vile. Na mmoja aliyefanyiwa vizuri anatangaza kuliko redio.

Bibi alifanyiwa jicho la kulia mwezi wa pili. Kesho yake bandeji ilipotoka kitu cha kwanza alimwangalia mama yangu akamwambia umezeeka wewe, akanigeukia mi akaniuliza hiyo ndo ndevu au uchafu. Alivyorudi Rombo majirani wawili wakapelekwa na watoto wao, hawakuambiwa na daktari yeyote, walimwona tu kanisani ibada ya kwanza anatembea peke yake.

Jicho la kushoto bado. Daktari alisema arudi baada ya miezi mitatu, sasa ni wa nane. Ukimuuliza anasema hili moja linatosha, mi mtu mzima naenda wapi. Na kwenye grupu la familia mjomba ameandika kwamba suala hilo tutaliongelea Desemba wote tukipanda nyumbani.